Chumba cha Juu cha Bibi Ingeborg Solheim

Sogeeni karibu, mnisaidie kufungua. Fundo hili limewashinda wenyewe waliolifunga.

Katika mji wa Oslo, mji wa baridi na wa bei kali, waliishi wasichana watatu waliokwenda kusoma. Mmoja ni Kadzo Charo, wa Malindi, aliyejaliwa ulimi wa salamu. Mwingine ni Tumpe Mwakibinga, wa Tukuyu, binti wa seremala, aliyejaliwa mikono. Mkubwa wao kwa umri ni Nyamizi Kasanda, wa Tabora. Yeye hakujua amejaliwa nini.

Walipanga chumba kimoja, wakalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Walikula mkate wa jana, walikwenda chuoni kwa miguu, na ugali wao ulikuwa wa semolina, maana unga wa sembe uliuzwa kama dawa. Lakini mwenye nyumba alipogundua kwamba mpangaji wake mmoja amekuwa watatu, aliwataka wahame mwisho wa mwezi. Vyumba vingine vilikuwa vya watu wenye mishahara. Asiyepata pa kulala angerudi kwao na masomo nusu.

Kadzo alikuwa akipita kila asubuhi mbele ya nyumba ya mjane mmoja, Bibi Ingeborg Solheim. Mji ule watu hupishana wakitazama viatu vyao. Kadzo akamsalimu. Siku ya kwanza yule bibi aligeuka nyuma kutazama ni nani anayesalimiwa. Kadzo hakuchoka. Kisha akashikwa na homa, siku moja hakupita. Kesho yake alimkuta bibi amesimama langoni.

"Jana hukunisalimu," alisema.

Basi mlango ukafunguka, chai ikanywewa, na Kadzo akaeleza shida yao.

"Chumba ninacho, juu," alisema Bibi Ingeborg. "Lakini kina vitu vya mume wangu, Halvor. Hakifunguliwi."

Kadzo akawaleta wenzake. Nyamizi aliomba akione tu. Viatu vya marehemu vilikuwa bado chini ya kitanda, miwani juu ya mto.

"Matanga mliyaanua lini, Bibi?" aliuliza.

Bibi Ingeborg hakuelewa. Baada ya maziko watu walikunywa kahawa, kila mtu akaenda kwake. Imepita miaka.

Nyamizi alishtuka. Kumbe msiba ungali umekaa! Akatandika blanketi sakafuni, akamkalisha bibi wa watu, akakaa naye kama wanavyokaa kwao. Kila jioni alirudi, akapika, akauliza habari za Halvor, akasikiliza. Bibi alilia, halafu akacheka, halafu akalia tena. Mwisho akasema mwenyewe, "Tuvigawe." Koti zito likaenda kwa Kadzo, sanduku la vyombo vya useremala likaenda kwa Tumpe. Nyamizi alipopewa saa aliirudisha. Kwao anayegawa vitu vya marehemu hajigawii.

Chumba kilipobaki kitupu ndipo kasoro zikaonekana. Fremu ya dirisha imeoza, sakafu inabonyea. Mkaguzi wa nyumba, ambaye bila ruhusa yake chumba hakipangishwi, akatikisa kichwa: hapa hapakaliki. Tumpe akafunga kitambaa kichwani, akapanda na nyundo na randa. Vidole vilikufa ganzi, mtihani mmoja ukampita, lakini alipomaliza hata upepo ulikosa pa kupenya. Mkaguzi akarudi, akaridhika. Akaongeza neno moja: mtu mmoja tu, chumba ni kidogo.

"Sitachukua kodi," alisema Bibi Ingeborg. "Ila mimi siwezi kuchagua baina yenu. Mnajuana. Kesho nileteeni jina."

Walirudi chumbani kwao, wakakaa kitandani wote watatu.

"Bila salamu zangu," alianza Kadzo, "mlango ule mngeujulia wapi?"

"Salamu hazizibi dirisha, dada," alisema Tumpe. "Ungelala mle ukaamka samaki wa barafu."

"Na koti langu?"

"Ndiyo hivyo, umeshapata koti!"

"Nawe umeshapata sanduku!"

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Tumpe akamgeukia Nyamizi. "Wewe hukupata kitu. Sema basi. Au unangoja tukusemee?"

Nyamizi alitaka kusema. Lakini kwao mtu hadai ujira wa matanga. Akidai, alikuwa analia au anafanya kazi? Na asipodai, mwaka wake wa masomo uliobaki anamwachia nani? Akimtaja Kadzo, Tumpe amepoteza mtihani bure. Akimtaja Tumpe, huyo angepata wapi dirisha la kutengeneza bila Kadzo? Kila aliposhika paliteleza.

"Wewe ndiye mkubwa wetu," alisema Kadzo. "Peleka jina. Ukimtaja yeyote, hata ukijitaja wewe, hatutanuna."

"Tutanuna kidogo," alisema Tumpe.

Asubuhi Nyamizi akabisha hodi. Bibi Ingeborg akafungua, amevaa vizuri kama anayengoja mgeni.

"Haya, mwanangu. Nani?"



Nyamizi yupo bado hapo kizingitini, baridi inaingia ndani ya nyumba ya watu. Yupo aliyefungua mlango, yupo aliyekitoa chumba katika msiba, yupo aliyekifanya kikalike. Akipungua mmoja hapana chumba. Mimi sina neno la kumnong'oneza. Je, ewe unayesikiliza, ungekuwa wewe, ungetaja jina la nani?