Mume Aliyemalizia Kitambaa

Mtu mmoja alikuwa na haraka. Jina lake Mbonea, fundi wa kuezeka nyumba, na mkewe aliitwa Naghenjwa. Haraka yenyewe haikuwa ya kwenda mahali. Ilikuwa ya kumaliza. Akila, alimaliza wenzake wakiwa bado wananawa. Kanisani aliifikia Amina mapema, akawasubiri wengine huko. Hata msibani alikuwa wa kwanza kuuliza tunazika saa ngapi. Watu walimsifu, maana mapaa yake yalikwisha kabla ya mvua. Yaliyovuja, yalivuja yeye akiwa ameshaondoka.

Naghenjwa naye alikuwa na kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha meza, bafta nyeupe, alichoanza kukidarizi tangu usichana wake, alipofundishwa sindano na kina mama wa kanisa. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa na mbuzi wakishapewa majani, alikaa barazani, akakibana kipande chake kwenye duara la mbao ili kikazike, akachagua uzi. Hakuiga maua ya vitabuni. Alidarizi alichokiona: jogoo wa jirani, mgomba, sufuria iliyotoboka, shemeji yake akiwa amekasirika. Uzi mwekundu ukiisha, jogoo alivishwa kilemba cha kijani, na hakuna jogoo aliyelalamika. Asichokipenda alikifumua akaanza upya, na kufumua nako alikufurahia, jambo ambalo Mbonea alilihesabu kuwa ni ugonjwa.

Ukimwuliza anapata nini, hakuwa na jibu refu. Sindano ilipopenya bafta iliyokazwa ilitoa mlio mdogo, na mlio huo ulimtosha. Kutwa nzima alikuwa wa watu: wa mume, wa watoto, wa wakwe, wa mbuzi. Akishika sindano hakuwa wa mtu. Siku mama yake alipozikwa, alirudi akadarizi jani moja jeusi, akalala. Binti yake Niendiwe alipoota meno, kuku aliyekuwa akishonwa wakati huo alitoka na mguu uliopinda, kwa sababu mshonaji alikuwa na mtoto anayelia mapajani. Mguu huo hakuufumua. Majirani walisema mke wa Mbonea ana maisha mepesi, hana kazi. Waliyasema hayo alasiri ile ile, wamekaa vile vile. Tofauti ni kwamba umbea hauachi kitambaa.

Kona moja ilikuwa bado nyeupe. Kila ilipokaribia kujaa, Naghenjwa alikumbuka mahali pengine pa kufumua, na hilo ndilo lililomkera Mbonea. Mtu anayemaliza nyumba za watu, wenzake wanamwuliza mkeo kitambaa amekifikisha wapi, na wanauliza wakicheka. Kisha zamu ya jumuiya ikawafikia. Desturi ya hapo, jumuiya ikija kusali kwako, unatandika mezani kitambaa kilichodariziwa na mikono ya nyumba hiyo, unaweka Biblia juu yake na ua kwenye glasi, na mwenye nyumba anasimama kuwakaribisha watu. Nyumba nyingine zote zilikuwa zimeshatandika. Mbonea akaapa mbele ya wanaume pale mashine ya kusaga: kitambaa kikiwa tayari siku hiyo, kazi imekwisha, sindano ipumzike, kisipokuwa tayari, kikapu cha nyuzi kitaingia jikoni chini ya chungu. Naghenjwa akaletewa habari. Akaona kwamba kwa njia zote mbili sindano inakufa. Hakubishana, maana mume aliyeapa mbele ya wanaume wenzake hasikii tena mpaka aanguke. Alikaa barazani, akafumua mkia wa jogoo.

Siku ya zamu ilipofika, kona ilikuwa nyeupe vile vile. Naghenjwa akatoka kwenda kuazima mabenchi na vikombe. Mbonea alikuwa ameshavaa suruali ya suti yake ya harusi, nzito kama blanketi, akabaki ndani na kitambaa. Akakitazama. Akajiambia kwamba mikono iliyopigilia misumari kwenye nusu ya mapaa ya kijiji haiwezi kushindwa na kijisindano. Akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, akatandaza kitambaa mapajani, akatunga uzi mrefu kama wa kufungia mbuzi, akaukunja mara mbili, akapiga fundo la ufundi wake. Lile duara la mbao hakulitumia. Aliliona ni la kupotezea muda. Alikusudia kushona jani. Likatoka kiazi. Lakini alikazana, akaijaza kona yote, sindano ikishuka na kupanda, na iliposhuka ilishuka kweli kweli. Akaona kazi yenyewe ilivyo nyepesi, akawacheka wanawake moyoni.

Nyimbo zikasikika njiani. Mbonea akapiga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno, akainuka ili atandike meza. Kitambaa kikainuka naye. Akakivuta, suruali ikaja. Alikuwa amekishona kitambaa kwenye suti ya harusi, paja la kulia na paja la kushoto, kwa mafundo yale ambayo upepo wa mlimani haukuwahi kuyang'oa. Akaketi tena, akakitandaza magotini kama mtu mwenye homa, na watu wakaingia.

Hakusimama kuwakaribisha. Aliwapa mkono akiwa ameketi. Meza i uchi, mwenye nyumba kakaa, watu wakatazamana. Wengine wakanong'ona kwamba ni kiburi cha mapaa. Naghenjwa akaingia na benchi kichwani, akaitazama meza, akamtazama mumewe, akaona kitambaa kilipo, akalitua benchi polepole. Walipofika mahali pa kukiri imani, mzee wa kanisa akasema tusimame. Wote wakasimama. Mbonea, ambaye miaka yote alikuwa wa kwanza kusimama na wa kwanza kuketi, akabaki chini. Ndipo Mama Elihaki, mwanamke mwenye karama ya kuombea wagonjwa hata wasiotaka, akatambua kwamba huyu ndugu miguu yake imekufa. Akaita wenzake. Wakamzunguka, wakaweka mikono, wakayalilia magoti yale kwa Mungu. Mbonea akasema yeye ni mzima. Mama Elihaki akasema ndivyo wanavyosema wote. Maombi yakapanda, jasho likamtoka mgonjwa, na mzee wa kanisa akamshika kwapa moja, Mama Elihaki kwapa la pili, wakamwinua.

Mbonea akasimama. Na majogoo wote wa Naghenjwa wakasimama pamoja naye, na mgomba, na sufuria iliyotoboka, na shemeji aliyekasirika, wote wananing'inia kutoka mapajani hadi viatuni, na juu yao kiazi. Shemeji mwenyewe alikuwapo. Akajitambua, akakasirika, wakafanana zaidi. Haleluya iliyokuwa njiani ikarudi ilikotoka. Mtu mmoja wa nyuma akakohoa, kikohozi kikageuka kicheko, na kicheko hakikubakiza mtu. Hata Mama Elihaki alicheka, ingawa baadaye alisema ile ilikuwa furaha ya Roho.

Mbonea akaomba mkasi, upesi. Hata hapo, upesi. Lakini mkasi ungekata bafta, au suti, au paja. Naghenjwa akapiga magoti mbele yake na sindano mkononi, akalitafuta fundo la kwanza, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Keti, Baba Niendiwe. Haya mafundo yako yana kazi ya mpaka jioni, nami sina haraka."

Akaketi. Ibada ikaendelea. Mbonea akaimba beti zote, akaifikia Amina pamoja na wengine, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Mahubiri aliyasikia mpaka mwisho. Kumbe yalikuwa na mwisho. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa pale pale mapajani pake, akakitazama, mara ya kwanza tangu aoe. Akanong'ona akiuliza kwa nini kuku huyu ana mguu uliopinda. Akaambiwa ni meno ya Niendiwe. Akauliza jani jeusi ni la nini. Akaambiwa. Siku ile ya msiba wa mkwewe yeye aliimaliza kabla ya watu wote, wala hakukumbuka kama mvua ilinyesha au jua liliwaka. Jani lilikuwa limekumbuka. Akauliza na la sufuria. Watu wakanywa chai, wakajitwisha mabenchi yao wakaenda, yeye akiwa bado anauliza, na paja la kushoto bado.

Hakugeuka malaika. Kesho yake uji ulimwunguza ulimi kama kawaida. Kiapo chake alikivunja kwa namna ya wanaume: hakusema kwamba amekivunja, ila alipigilia msumari barazani, akakitundika kikapu cha nyuzi juu kidogo, mbuzi wasipofika. Wenzake walipomwuliza tena kitambaa kimefika wapi, alijibu kwamba bado, kwa sauti ya mtu anayeulizwa habari za mavuno mazuri. Naghenjwa naye hakukifumua kile kiazi. Alikitia mdomo na jicho, kikawa kuku anayeatamia. Na kwa kuwa kuku anayeatamia hana budi kuangua, ikabidi itafutwe bafta nyingine, iungwe ubavuni, ya kuwekea vifaranga. Akazeeka akiwashona vifaranga hao. Macho yalipompungukia, alimwita mumewe amtungie uzi, na mtu yule wa haraka akakaa kando yake barazani, akiulowesha uzi kwa mate, akilikosa tundu la sindano, akijaribu tena, na hakuna aliyemsikia akiuliza kazi hii itaisha lini.

Kila mmoja wenu amepewa bafta yake, na sindano, na kona moja nyeupe. Nanyi mnaozikimbiza siku zenu ili mpate kusema mmezimaliza, hebu inukeni kidogo hapo mlipokaa: mmejishona na nini?