Mlinzi wa Shamba Haingizwi Jikoni

"Mlinzi wa shamba haingizwi jikoni." Mmeisikia leo akiambiwa yule askari aliyemfokea mkewe kana kwamba anafokea wezi, mkacheka. Msicheke. Methali hii ilianza hivi.

Somoe alitoka pwani, ambako muhogo huchimbwa asubuhi ukaliwa mchana kwa nazi. Akaolewa huku juu, Umakondeni, na Chikoti, mtu ambaye ukali wake uliwatisha wezi wa korosho wa kijiji kizima. Mama mkwe wake, Bi Nantanda, maneno aliyabana kama chumvi ya mgonjwa. Siku moja, akienda msibani, alimwonyesha muhogo wa pembezoni mwa shamba.

"Ule ni wa ulinzi. Usiuguse mpaka nirudi."

Basi Somoe akaelewa alivyoelewa: yupo mlinzi, na ule ni ujira wake. Huyo mlinzi hakupata kumwona hata kivuli, ila nguruwe pori walifukua shamba la jirani, hili wakalipita. Hodari kweli, akawaza, mizizi miwili hataninunia. Binti yake Sikudhani alikuwa analia njaa. Akachimba, akachemsha, akamlisha. Mwenyewe hakuonja, maana alikuwa amefunga.

Haukupita muda mtoto akatapika, pumzi zikamwenda mbio, macho yakageuka meupe. Somoe akapiga yowe. Bi Nantanda, ndiyo kwanza anaingia uani, akayaona maganda.

"Umempa nini mtoto?"

"Muhogo tu, mama! Ule wa mlinzi. Nitamwomba radhi..."

"Mlinzi yupi? Muhogo wenyewe ndio mlinzi!"

Bi Nantanda akambeba mtoto mbiombio hadi zahanati, Somoe akikimbia nyuma.

Mganga alihangaika naye mpaka jua likapinda. Mtoto alipopumua vizuri, mganga akamweleza Somoe kwamba muhogo ule mchungu una sumu iitwayo sianidi, na nguruwe wanaijua, ndiyo maana huukwepa. Watu wa huku huumenya, wakauloweka siku kadhaa hadi ulainike, wakauanika juani, ndipo wakasaga unga.

Mara Chikoti akaingia, anafoka, mkono juu. "Umetaka kuniulia mwanangu?"

Somoe akajikunyata, mtoto kifuani. Bi Nantanda akasimama katikati yao.

"Shusha mkono, Chikoti. Ukali wako umetulindia korosho, tunashukuru. Lakini leo umeona kilichompata mwanao. Mlinzi wa shamba haingizwi jikoni."