Jike la Kijivu la Bwana Nyati

Zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na makomeo, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, manyunyu yakianguka bila upepo, Bi Kalunguyeye alifunga mlango wake akaenda kutafuta farasi wa kununua.

Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, na miiba yake ilikwisha kuota mvi. Binti yake aliolewa ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku tatu. Huo ulikuwa mwaka wa nne bibi huyu akila peke yake na kuosha bakuli moja. Bakuli tano za wajukuu zilikaa rafuni, hazijaguswa. Binti alikuwa ametuma habari kwamba watoto hawauwezi mwendo ule kwa miguu. Mama akipata farasi mtulivu, asiyeshtuka, watakuja.

Bwana Nyati, muuza farasi, alimwonyesha farasi mwekundu aliyesimama ameinamisha kichwa, macho nusu yamefumba. Alieleza kwamba farasi huyo amepumzika zizini tangu jana, kwamba utulivu huo ni tabia yake, na kwamba bei ni pishi arobaini za mtama. Bi Kalunguyeye alimzunguka polepole. Chini ya tandiko aliona povu la jasho. Aliahidi kurudi Jumamosi, saa nne, na arbuni ya mtama.

Jumamosi alifika saa kumi na mbili, jua likichomoza. Alipiga hodi tatu, kama adabu inavyotaka, lakini kwa sauti ndogo kuliko ya mbu. Hakujibiwa, basi akaketi nyuma ya lundo la majani makavu.

Tupu-tupu, tupu-tupu! Nyati alikuwa akimkimbiza farasi mwekundu kuzunguka ua, naye farasi akirusha mateke hata ubao ukavunjika. Iliendelea hivyo hadi saa nne kasoro robo, farasi aliposhindwa hata kuinua mkia. Ndipo Nyati alipompangusa kwa kitambaa.

Bi Kalunguyeye alitoka, akapiga hodi upya, safari hii kwa sauti kubwa.

"Karibu, bibi," alisema Nyati. "Unamwona alivyotulia?"

"Namwona, baba, na ndiyo maana nasikitika. Nimebadili nia. Sasa nataka wa mbio."

Nyati aliapa kwamba kwa mbio pia hakuna kama mwekundu. Bibi aliomba aonyeshwe. Mwekundu alisukumwa, akavutwa, akapiga hatua mbili, akalala chini.

"Labda yule wa kijivu?" aliuliza bibi, akimwonyeshea kidole jike aliyefungwa peke yake nyuma ya banda, ambaye hakuna mnunuzi aliyewahi kumuulizia.

Nyati alicheka. Hakutaka pishi arobaini zimponyoke kwa ajili ya jike lile. Alichukua debe, akalipiga karibu na sikio lake: pwaa! Jike lilipepesa macho tu. Ndama wawili wa Nyati walipita chini ya tumbo lake wakifukuzana. Lilinyanyua mguu, likausubirisha hewani, kisha likaushusha mbali na mikia yao.

"Umeona? Huyu ni gogo! Atakayenipa pishi mbili amchukue, na kamba juu yake."

Bi Kalunguyeye alifungua mfuko wa arbuni, akapima pishi mbili.

"Lakini umesema unataka wa mbio!"

"Nimesema, baba. Nawe umenithibitishia kwa mikono yako kwamba huyu si wa mbio."

Funzo lake, wanangu, ni hili: muuzaji husema kweli anapozungumzia mali asiyotarajia kuiuza.

Jumatatu bibi alipanda jike lake kwenda kuwachukua wajukuu, akabeba zile bakuli ili wapate kulia chakula njiani. Jumatano alasiri alipiga hodi kwa binti yake. Watoto walitoka mmoja mmoja, na wa mwisho, mdogo kabisa, alimtazama kama mgeni, akajificha nyuma ya mlango. Bibi aliwagawia bakuli zote tano. Kisha akawahesabu watoto mara ya pili, kwa kidole, taratibu: sita.