Ghala Linalofungwa na Kimya

Hapo zamani za kale, maghala ya mawe yalipokuwa bado na masikio, Tembo aliwawekea wanyama sheria: kila nyumba, wito mmoja kwa siku. Unasimama mlangoni, unasema, "Ghala, toa mtama!" Mtama unadondoka, pu! Mlango unajifunga, ti!

Bi Nguchiro alikuwa na mtoto mwenye homa kali. Alitaka unga wa uji, maji na mizizi ya dawa, vyote siku ile ile.

"Chukua kimoja. Kingine kesho," alisema Fisi, bawabu wa ghala, akijikuna tumbo.

"Na homa nayo itangoja kesho, Bwana Fisi?"

"Loo! Mwili mfupi, maneno marefu!"

Nguchiro akakaa kando, akatazama. Akaja Nyati: "Ghala, toa majani!" Akanyamaza. Ti!

Akaja Kiboko: "Ghala, toa… mmh… ile… mmh… maboga!" Muda wote alipoguna, mlango ulibaki wazi, unamsikiliza.

"Kumbe!" Nguchiro akawaza. "Mlango haufungwi na kitu kinachotoka. Unafungwa na kimya!"

Akavuta pumzi moja ndefu. "Ghala, toa unga maji mizizi-ya-dawa!"

Pu! Kibuyu cha maji, chubwi! Mizizi, kacha! Akafumba mdomo. Ti!

"Mwizi!" Fisi akamnyang'anya kibuyu. "Vitu vitatu!"

"Wito mmoja, Bwana Fisi. Tembo alihesabu wito au vitu?"

Fisi akatafakari. Mate yakamdondoka. "Yaani hata mimi…?"

"Hata wewe. Ila ukinyamaza tu, mlango unajifunga."

Fisi akatupa kibuyu majanini, akaukimbilia mlango. "Ghala, toa nyama mifupa mafuta!" Pu! Pu! Pu! "Umeona, kijitu? Leo bawabu ameweka fimbo chini, anakula!"

Fimbo ikaruka kutoka ghalani, pa! Mgongoni.

"Yalaa! Nani ananitupia mawe?"

Mawe, paa! paa!

"Uwii! Yanauma kama nyuki!"

Vuuu! Nyuki wakamiminika, Fisi akatoka mbio, bado anapiga kelele.

Nguchiro akaokota kibuyu, akaenda zake. Uji ukachemka, dawa ikanywewa, na jua lilipotua mtoto akauliza, "Mama, umebaki mwingine?"

Basi nimewapa, nanyi mpeleke nyumbani: anayejua kuomba vingi, ajue pia wakati wa kunyamaza.