Lango la Sultani na Chumvi ya Waziri

Hapo zamani, watawala walipokuwa bado na haya kidogo, palikuwa na mji uliozungushiwa ukuta wenye lango moja tu. Haikupita chumvi langoni hapo ila ya Waziri, naye akiiuza kwa bei ya marijani. Ikawa watu hawapiki pilau, na pasipo pilau hapana arusi. Basi Makuka, mpiga zumari wa arusini, akashinda njaa, na mchumba wake mwenyewe, Bi Zeredi, akamwambia, "Mimi kwa pilau ya chukuchuku siolewi, bwana. Tafuta chumvi au tafuta mwingine."

Siku moja wakaja wajumbe wa nchi tajiri. "Tutakukopesha dhahabu," wakamwambia Sultani, "ila wafungulie lango wafanyabiashara wote. Ijumaa twaja kutazama."

Sultani aliitaka dhahabu, na faida ya chumvi asiiache, maana nusu yake ilimfikia kwa mlango wa jikoni. Makuka akasikiwa barazani akisema, "Huyu atafungua kinywa, si lango." Akaletwa kamba mikononi.

"Wewe mwenye ulimi," akasema Sultani, "Ijumaa nataka lango liwe wazi, na milango yake miwili iwe imefungwa kwa kufuli, asiifungue mtu ila kwa amri yangu hadharani. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, zumari utalipulizia kaburini."

"Ni hayo tu, Maulana?" akajibu Makuka.

Basi Ijumaa alfajiri akaenda na maseremala, wakaing'oa ile milango miwili, wakaibeba hadi ghala la chumvi la Waziri, lililoelekeana na lango, wakaipachika pale mlangoni na kuitia kufuli. Jua lilipopanda, wajumbe wakaingia lango wazi, na nyuma yao punda wa kila mfanyabiashara, chumvi juu ya chumvi.

Waziri akaja mbio, kilemba kwapani. "Maulana, ghala langu! Si tulikubaliana..."

"Mlikubaliana nini, Bwana Waziri?" akauliza Makuka kwa upole. "Sema kwa sauti, wageni wasikie."

Wajumbe wakageuka. Waziri akaanza kukifunga kilemba chake. Sultani akaitazama kufuli, akawatazama wajumbe, na kwa kuwa hakubakiwa na la kufanya, akacheka mpaka akakamatwa asianguke.

Makuka akaomba gunia moja la chumvi, akaoa. Waziri naye alialikwa. Akaionja pilau, akaguna, akaomba chumvi kidogo.

"Jichotee, Bwana Waziri," akasema bi arusi. "Kwetu haiuzwi."