Mwendo wa Mzee Kihwele

"Mwiga mwendo huanza na mzigo." Mmeisikia jana kwa mwalimu wenu wa maigizo, alipomsimamisha Luitfrida katikati ya zoezi. Luitfrida alikuwa akiigiza bibi kizee: mkono kiunoni, mgongo umepinda, sauti inatetemeka kama redio yenye betri zilizochoka. Mwalimu akasema maneno hayo, kisha akaenda zake kunywa chai, akawaacha mnatazamana. Sasa mmenijia mimi, kwa kuwa nawashonea mavazi na mnadhani mshona nguo hana kazi mdomoni. Haya, kaeni. Ila msikalie hicho kitambaa, ni joho la mfalme.

Wapo wanaodhani methali hii imetoka vitabuni. Chanzo chake ni msiba uliotokea kijijini kwetu Namatunu, huku huku Ungoni, na aliyeisababisha ni Gerold Nungu. Gerold alikuwa mume wangu, kwa hiyo msitegemee nimsifu sana.

Aliyefariki alikuwa Mzee Kihwele, Mhehe aliyehamia kwetu kutoka Iringa na mkewe, wakafanya kazi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mkewe tulimwita Semgimwa. Kwa Wahehe mwanamke hutajwa kwa ukoo wa baba yake, ndiyo maana yeye akawa Semgimwa na kaka yake akawa Mgimwa. Walikuwa watu wa taratibu. Walizaa watoto wa kiume wawili wakiwa huku, wakalea, wakazeeka, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule mzee akafa kwa homa ya siku nne.

Sasa mnajua kwamba sisi Wangoni na Wahehe tulipigana sana enzi za mababu, na tulipochoka kupigana tukawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukutania hata msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Pale Namatunu utani huo ulikuwa na kazi maalumu. Siku ya kuanua matanga, mtani mmoja huvaa koti na kofia ya marehemu, akaingia uani kama marehemu mwenyewe, kwa mara ya mwisho. Mjane anakuwa amekaa mkekani. Mtani akifika mbele yake, mjane humpa maji kwa kata. Akishampa, marehemu ameagwa. Mkeka unakunjwa, mjane anainuka, nyumba inarudi shambani. Asipompa, mkeka haukunjwi, na mtani ana siku tatu tu za kujaribu tena. Baada ya hapo hakuna aliyejua kinachofuata, kwa sababu ilikuwa haijatokea.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Wilgis, na aliifanya vizuri mno. Lakini wakati huo Wilgis alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, hata njia ya kwenda chooni alishikwa mkono. Basi watani wakakaa, wakamchagua Gerold. Hakuwahi kuigiza mahali popote ila kwenye kilabu cha pombe ya komoni, ambako watu hucheka hata kiti kikianguka.

Jambo lililotutia hofu lilikuwa Semgimwa mwenyewe. Tangu mumewe azikwe hakulia na hakusema neno. Alikunywa uji vijiko viwili asubuhi, akageukia ukutani. Mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza na shamba lao limelala, lakini wanawe hawakuwaza shamba. Waliogopa atamfuata mumewe palepale mkekani.

Mzee Kihwele alikuwa na mwendo wake. Bega la kushoto lilishuka, kichwa kikaelekea kulia, na kila baada ya hatua kumi hivi aliruka, mruko mdogo tu wa papo hapo, kisha akaendelea. Watu walisema ni goti. Wengine walisema alikanyaga mwiba wa sumu utotoni. Hapakuwa na mtoto Namatunu asiyejua kuuiga mwendo huo, na mzee mwenyewe alikuwa akiwatazama tu na kutabasamu.

Gerold alifanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo changu cha harusi. Bega chini, kichwa upande, ruka. Bega chini, kichwa upande, ruka. Alijifunza na kukohoa kwa mzee, na namna alivyopiga chafya akinusa ugoro. Nilimwambia yuko tayari, maana nilikuwa nimechoka kusikia kishindo.

Siku ikafika. Gerold akaingia uani na koti la marehemu, na kwenye mruko wa kwanza watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo alipopotea. Mwigizaji mchanga akishaonja kicheko haachi, na mnajua wenyewe ninawasema akina nani humu ndani. Mruko wa hatua kumi ukawa wa hatua tatu, halafu akawa anaruka kama chura anayevuka barabara. Akakohoa, akapiga chafya, akajikwaa makusudi. Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Hata wanawe marehemu walijifuta machozi ya kicheko, naomba Mungu awasamehe.

Akafika mkekani, anahema, anatabasamu. Semgimwa aliinua kata, akamtazama toka kofia hadi miguu. Kisha akaifudikiza kata chini.

"Huyu simjui," akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku tisa. Akageukia ukutani.

Gerold alivua koti, akalikunja, akampa mwana mkubwa wa marehemu. Nyumbani hakugusa chakula. Jirani mmoja alipita akasema, kwa utani wake, kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Mimi nikajaribu kumtuliza kwamba amewachekesha watu wote waliokuwepo.

"Watu mia wamecheka," akasema. "Nilitumwa kwa mmoja."

Asubuhi yake tukaenda kwa Mgimwa, kaka wa mjane, aliyekuja kutoka Iringa kwa ajili ya msiba. Tulimkuta barazani anachonga mpini wa jembe. Nilibeba maboga mawili, maana huwezi kwenda kuuliza jambo la msiba mikono mitupu.

"Kamwene, mzee," Gerold akamsalimu kwa Kihehe chake kibovu.

"Kamwene, mateka wangu. Umekuja kuruka tena?"

"Nimekuja kuuliza, mzee. Marehemu goti lake liliumia lini?"

"Goti lipi?"

"Hilo lililomfanya aruke."

Mgimwa aliweka mpini chini. Alikuwa mzee mwenye maneno machache, na nadhani alikuwa amemkasirikia Gerold, ila utani haukumruhusu kuonyesha.

"Shemeji yangu hakuwa na ubaya wowote wa goti," akasema. "Dada alipojifungua mara ya kwanza, kule kwetu, mtoto hakuishi, na yeye miguu ikafa ganzi. Akawa hawezi kusimama. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa siku mbili. Shemeji akambeba mgongoni. Wakamwambia amlete kila mwezi, akambeba kila mwezi, mwaka mmoja na nusu, mpaka miguu ikarudi. Sasa niambie wewe. Mtu uliyembeba mgongoni akianza kuteleza, unafanyaje?"

Mimi nilijua jibu, kama mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mtoto, lakini sikuulizwa mimi.

"Unamrusha kidogo, apande," Mgimwa akajijibu. "Alimrusha hivyo milima yote ile mpaka mwili ukazoea. Dada alipopona akawa anatangulia mbele kwa miguu yake mwenyewe, na shemeji nyuma bado anamrusha. Nyinyi mnaiga kuruka. Yule alikuwa amebeba."

"Dada yako alikuwa mzito kiasi gani?" Gerold akauliza.

Mgimwa alinitazama mimi, akanipima kama anayepima gunia la mahindi. "Kama huyu," akasema. Sikuupenda mpango huo tangu dakika ile.

Kutoka kivuko cha mto mpaka Namatunu kuna milima miwili na mwendo wa saa nne. Siku ileile tulishuka mpaka huko, na Gerold akanibeba mgongoni njia yote ya kurudi. Wanawake waliokuwa wakitoka mashambani walisimama na kuniuliza, "Edeltruda, miguu imekatika?" Niliwajibu kwamba mume wangu yuko masomoni.

Mlima wa kwanza alikuwa bado mwigizaji. Aliruka anapotaka yeye, akageuza shingo kuniuliza kama ndivyo, nami nikamwambia atazame njia, mimi si tenga la kuku. Kwenye mlima wa pili alinyamaza. Mkono wangu ulikuwa umepita begani kwake kushoto, na uzito ukalishusha bega lenyewe bila yeye kulishusha. Kidevu changu kilikaa upande huohuo, kwa hiyo kichwa chake kikaenda kulia kunipa nafasi. Nilipoanza kuteleza alinirusha. Nikateleza, akanirusha. Nilihesabu hatua kwa kukosa kazi nyingine, na zilikuwa kumi, mara nyingine kumi na moja. Yeye hakuwa anahesabu. Alikuwa anaogopa kuniangusha.

Kesho yake tulirudia. Usiku ule hakuniomba nimtazame, wala hakukigusa kioo. Alisema tu kwamba mgongo unamuuma na kwamba sasa anajua mzee alikuwa anawaza nini anapotembea. Nilimuuliza anawaza nini. Akasema, "Asianguke."

Siku ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho kwa desturi yetu, watu walijaa tena. Wengi walikuja kucheka, tusidanganyane. Gerold akaomba ngoma zinyamaze, akavaa lile koti, akaingia.

Hakuwa na kitu mgongoni. Lakini waliosimama njiani walimpisha, wakarudi nyuma hatua mbili, kama mnavyompisha mtu mwenye mzigo. Alitembea polepole, macho yake chini akichagua pa kukanyaga. Mruko ulikuja mara tatu tu toka langoni hadi uani, nao ulikuwa mdogo kiasi kwamba aliyepepesa macho hakuuona. Kijana mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha. Mzee Wilgis, aliyekuwa amekalishwa kwenye kigoda na haoni chochote, alitega sikio kwenye zile hatua, kisha akamgusa aliyekaa jirani yake.

"Wanaokuja ni wawili?" akauliza.

Gerold akafika mkekani. Hakukohoa, hakupiga chafya, hakumtazama mjane. Alimgeuzia mgongo, akapiga magoti taratibu, goti moja kisha la pili, mikono ameirudisha nyuma, akatulia hapo. Aliniambia baadaye kwamba hakupanga hilo. Alikuwa amefika mwisho wa safari, na mgongo wake ulijua kinachofanyika mwisho wa safari.

Semgimwa aliutazama ule mgongo. Halafu akanyoosha mkono, akakiweka kiganja kwenye lile bega la kushoto, pale pale lilipokuwa limeshuka.

"Haya, baba," akasema. "Nishushe sasa. Umechoka."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti kubwa ya siku zote zile alizonyamaza, na wanawe wakaja wakamshika huku na huku. Mnaniona mimi ni mtu mkavu, lakini siku hiyo nililia mpaka nikakosa pumzi, na sikuwa na undugu na marehemu. Alipomaliza, Semgimwa aliomba kata. Akachota maji mwenyewe, akampa Gerold, naye akanywa yote akiwa bado amepiga magoti.

Mgimwa ndiye aliyeukunja mkeka. Alipokuwa anaufunga kwa kamba, watani wachanga walimzunguka Gerold wakitaka awaonyeshe namna ya kushusha bega vile. Mgimwa akawasemesha bila kuinua kichwa: mwiga mwendo huanza na mzigo. Walidhani anawatania, wakacheka. Lakini maneno yalibaki Namatunu, yakatoka na walimu na wanakwaya, na baada ya miaka yamefika mpaka kwenye ukumbi huu, yakatua kwa Luitfrida.

Basi, Luitfrida, hebu simama. Hapana, toa mkono kiunoni. Kiuno bado hatujakifikia. Huyo bibi kizee wako alibeba nini miaka yote hiyo, akaogopa kukiangusha? Hujui. Sawa, hakuna aliyezaliwa anajua. Nenda kamuulize bibi yako, kisha kibebe wewe, siku mbili, tatu, mpaka kikuchoshe. Ukirudi hapa hutaniuliza uiname kiasi gani. Mwiga mwendo huanza na mzigo.