Nani Azibue Ndiva?

Hapo zamani. Si zamani ile ya fisi kusemezana na sungura, la! Zamani ya juzijuzi, watu wameshajua kubeba bomba la dawa mgongoni. Sogeeni karibu, hadithi hii inachemka!

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji chenye ndiva moja, yaani bwawa la kugawia maji mashambani. Kila kiangazi kilipokaribia, baragumu lililia, na watu wote wakatoka kwenda msaragambo, kuzoa tope la ndiva kwa pamoja. Kazi ikiisha, aliyewatendea watu jema kubwa kuliko wote mwaka ule ndiye aliyeizibua, na shamba lake likawa la kwanza kunywa kiangazi kizima.

Nakiete, mjane mwenye kishamba kimoja, aliitaka zamu hiyo kwa roho yake yote. Mwaka uliotangulia maji yalimfikia yamebaki matone, na mboga zake zikakauka zote. Safari hii akaapa kuulisha msaragambo mzima kwa mchicha wake. Watamnyimaje?

Kishamba hicho alikuwa amemkodisha Mshana, mkulima wa nyanya, kwa msimu mmoja. Siku ya kukirudisha, Mshana alifuata desturi: akachota udongo, akamtia Nakiete kiganjani, akatamka, "Nakurudishia kama ulivyonipa." Nakiete akafumba kiganja. Udongo ulinuka dawa. Aliisikia harufu ile, haki ya Mungu aliisikia! Akajiambia mvua itaosha, akapanda. Mchicha ukatoka mnene, majani kama masikio ya ndama.

Baragumu likalia. Tope likazolewa, masufuria matatu ya mchicha yakatokota, watu wakanawa mikono. Mara huyo Namsifu, wifi yake Nakiete, anakuja mbio na jembe begani.

"Msile! Shamba lile halina nyungunyungu! Nimechimba huku, hakuna! Nimechimba kule, hakuna! Ardhi gani hiyo haina hata mmoja wa kuwapa kuku wangu?"

"Wifi," Nakiete akamaka, "umeanza lini kuchimba kwangu?"

"Mwezi mzima! Nilinyamaza kwa sababu hatusemezani tangu ule ugomvi wa kuku. Leo nimeona watoto wameshika sahani, nimeshindwa."

Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo Mshana akasimama.

"Ni mimi. Nilimwaga ardhini dawa ya sota, viwavi wale wakata miche, nikazidisha kipimo mara tatu. Kopo liliandikwa wazi: mboga za majani zisifuate hapo. Nikasema nimerudisha kama nilivyopewa. Nilidanganya."

"Basi tuuoshe tena huo mchicha!" mmoja akapaza sauti. Njaa hiyo.

"Hautaosheka," Mshana akasema. "Dawa imepanda na mizizi, imo ndani ya jani."

Loo! Nakiete akayatazama masufuria. Zamu yake ya maji ilikuwa humo. Akalishika la kwanza kwa kanga, akalimwaga shimoni. La pili, akamwaga! La tatu, akamwaga! Kisha akakimbia shambani, akang'oa mchicha shina kwa shina huku analia kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia.

Kajiru, mgawa maji na mwenye kuamua nani azibue, akakataa ndiva izibuliwe. "Kwanza udongo upimwe," akasema.

Ukapelekwa mjini. Jibu likarudi: dawa bado imo, tena nyingi. Shamba lipumzike, litiwe samadi, liachwe liote majani yasiyoliwa na mtu wala ng'ombe, kisha lipimwe tena kabla ya kupandwa mboga yoyote. Nakiete akajaza magunia udongo wa mbali, ulio safi, akapanda mchicha humo. Ukachipua! Lakini mboga ya gunia hutaka maji kila siku, na kiangazi kilikuwa kimeshafika mlangoni.

Baragumu likalia mara ya pili. Watatu wakajitokeza kuidai zamu ya kuzibua.

Namsifu akasema, "Bila jicho langu, mngekula."

Mshana akasema, "Bila ulimi wangu, mngesema ni chuki ya mawifi tu, na mngekula."

Nakiete akasema, "Bila mikono yangu, njaa ingewashinda, na mngekula."

"Kuna mwenye neno lililobaki?" Kajiru akauliza.

Nakiete akakitazama kiganja chake. Mdomo ukafunguka. Akayakumbuka magunia yake, mdomo ukafumbika.

Haya, jamani! Namsifu aliona, akanyamaza mwezi mzima, akasema sahani zikiwa mikononi. Mshana alitia sumu, akaificha, kisha akajianika mbele ya kijiji kizima. Nakiete alimwaga jasho lake lote shimoni kwa mikono yake, lakini lile la harufu hajalisema mpaka leo. Kajiru halijui. Mnalijua nyinyi.

Mti wa kuzibulia uko mkononi mwa Kajiru, maji yanasukuma ukingo, magunia yanangoja. Msinitazame mimi! Je, nani alistahili kuizibua ndiva?